'Mtoto', 'Mwanafunzi' na 'Mtu': Majina ya Msichana na Madai ya Vijana kuhusu Utu katika Tanzania ya Kati

1.0 Utangulizi

Treni ya Reli ya Kati itokayo Dodoma kuelekea Tabora hupita Bahi, kwenye tambarare zinazopakana na kinamasi cha Bahi, kabla haijaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda na Manyoni. Wilaya ya Bahi iliundwa mwaka 2007 kwa kumegwa kutoka Dodoma Vijijini. Wakazi wake wengi ni Wagogo, ambao lugha yao, Kigogo, imewekwa na wanaisimu katika kundi la G la lugha za Kibantu, yaani kundi lile lile ambalo Kiswahili nacho kimo. Maisha yao hutegemea uwele, mtama, mpunga wa mabondeni, na mifugo. Mvua ni za msimu mmoja, nazo hazina ahadi. Kiswahili kilifika huku na misafara ya karne ya kumi na tisa, kikaimarishwa na reli, shule na ofisi za serikali. Kwa hiyo, mtoto wa Bahi hukua kati ya lugha mbili ambazo ni ndugu, lakini kila moja ina kazi yake: Kigogo hutawala zizini na jikoni, ilhali Kiswahili hutawala darasani, zahanati na mahakamani.

Makala haya yanachunguza majina ambayo msichana wa mahali kama Bahi hupewa katika Kiswahili cha sheria na cha maisha ya kila siku, na uzito wa kisheria unaobebwa na kila jina. Msichana mmoja, katika mwaka mmoja, anaweza kuwa mtoto, mwanafunzi, msichana, mchumba na mke. Kila jina linapobadilika, ulinzi anaostahili kuupata nao hubadilika, ingawa yeye mwenyewe ni yule yule. Hoja ya msingi ni kwamba sheria za Tanzania zimekuwa zikimlinda msichana kwa majina ambayo huweza kumtoka, nayo ni uanafunzi na utoto, na kwamba madai yaliyofikishwa mahakamani mwaka 2016 na kijana aliyezaliwa Dodoma, Rebeca Gyumi, yalikuwa na maana ya pekee kwa sababu yalitaka alindwe pia kwa jina lisiloweza kumtoka, yaani utu.

Bahi haikuchaguliwa kwa sababu ndiko shauri hilo lilikoanzia. Imechaguliwa kwa sababu ni mahali ambapo majina hayo yote hukutana chini ya paa moja, na kwa sababu Mkoa wa Dodoma umekuwa miongoni mwa mikoa ambayo suala hili ni zito. Katika utafiti wa kitaifa wa hali ya idadi ya watu na afya wa mwaka 2010, wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walioolewa kabla ya kutimiza miaka 18 walikuwa asilimia 37. Kwa Dodoma walikuwa asilimia 51.

2.0 Heshima, hadhi na utu

Kabla ya kuyaangalia majina ya msichana, inafaa kuyapambanua maneno matatu ambayo Kiswahili hutumia kueleza thamani ya binadamu. Azimio la Arusha la mwaka 1967, likifuata imani ya TANU, lilichagua neno heshima. Tafsiri ya Kiswahili inayojulikana sana ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 ilichagua hadhi katika ibara yake ya kwanza. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 12 iliyoingizwa pamoja na hati ya haki za binadamu mwaka 1984, iliyaunganisha mawili: inazungumzia heshima anayostahili kila mtu, na inaielekeza heshima hiyo kwenye utu wake.

Maneno haya si visawe. Heshima ni kitu ambacho mtu humpa mwenzake: tunampa mtu heshima, tunamvunjia heshima, tunamkosea heshima. Vitenzi hivyo vyote vinamhitaji mtu wa pili. Tena, katika jamii nyingi za Waswahili na za bara, heshima hupanda na umri na cheo. Mdogo humwamkia mkubwa shikamoo, na mkubwa huitikia marahaba, wala hakuna anayetarajia kinyume chake. Msichana wa miaka 14 ndiye anayetoa heshima zaidi kuliko wote nyumbani, na ndiye anayeipokea kidogo kuliko wote. Kumwambia kwamba anastahili heshima ni kauli njema, lakini haimwondoi kwenye ngazi aliyopo.

Hadhi nayo ni neno la daraja. Hupanda na kushuka. Mwaka 2018 Dodoma ilipandishwa hadhi ikawa jiji, na hakuna aliyeona ajabu katika matumizi hayo ya lugha, kwa kuwa hadhi ndivyo ilivyo: hupandishwa, hushushwa, tena mara nyingi kwa tangazo la mwenye mamlaka. Mtu mwenye hadhi ni mtu mkubwa. Mfasiri wa Tamko la 1948 alilazimika kulibeba neno hilo na kulinyima ngazi zake kwa kuongeza kwamba hadhi za watu wote ni sawa. Amefaulu, lakini kwa nguvu.

Utu ni habari nyingine. Kimofolojia ni nomino dhahania iliyoundwa kwa kiambishi u- na mzizi -tu, mzizi ule ule unaopatikana katika mtu na watu, na ambao katika Kigogo huonekana katika munhu na wanhu. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, neno hili lina mwelekeo ambao wanasheria hawakuuzingatia sana. Tunaposema kwamba fulani hana utu, hatumzungumzii aliyetendewa ubaya, tunamzungumzia aliyeutenda. Utu wa kawaida ni sifa ya mtendaji, ni ule wema unaotarajiwa kwake. Katiba imeugeuza mwelekeo huo. Katika ibara ya 12, utu ni wa yule anayetazamwa, si wa yule anayetazama. Ni kitu ambacho wengine hawana budi kukitambua na kukithamini. Mgeuko huu wa maana ni mdogo katika kamusi lakini ni mkubwa mahakamani, kwa sababu unamwezesha mtu kudai jambo kwa kuwa tu yeye ni mtu, bila kuonyesha kwanza umri wake, cheo chake wala tabia yake.

3.0 Majina yanayokoma na jina lisilokoma

Kiswahili huunda majina ya hali za maisha kwa kiambishi hicho hicho u-: mtoto na utoto, kijana na ujana, mzee na uzee, mwanafunzi na uanafunzi, mtu na utu. Kwa sura, maneno haya ni ya jamii moja. Kwa maana, neno la mwisho linajitenga. Utoto huisha, ujana hupita, uanafunzi hukatika. Utu hauna siku ya kwisha. Mtu anaweza kusema "utotoni mwangu" au "ujanani mwake", akitumia kiambishi -ni kana kwamba hali hizo ni mahali ambapo mtu alikuwapo akatoka. "Utuni mwangu" haisemeki.

Neno mtoto lina maana mbili zinazochanganywa mara kwa mara. Ya kwanza ni ya nasaba: mtoto ni mtoto wa fulani, hata kama ana mvi. Ya pili ni ya umri: mtoto ni yule ambaye hajakomaa. Kigogo, kama lugha nyingi za Kibantu, kinalo neno mwana, wingi wana, ambalo kitovu chake ni ile maana ya kwanza. Lina asili moja na mwana la Kiswahili, na mzizi huo ndio uliotupatia pia kijana, pamoja na jana, yaani kinda la nyuki. Mwana ni uhusiano kabla hajawa umri. Baba wa Bahi anaposema kwamba huyu ni mtoto wake na kwamba yeye ndiye ajuaye lini aolewe, anatumia maana ya kwanza, na ndani ya maana hiyo hoja yake haina kosa la lugha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapotamka kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, inatumia maana ya pili. Pande mbili zinaweza kubishana siku nzima kwa kutumia neno moja, kila upande ukiamini kwamba mwenzake ni mkaidi.

Kati ya maana hizo mbili ipo njia ya tatu ya kupima ukomavu, nayo ni ya mwili na ya mila. Usemi wa kuvunja ungo, na neno mwari la pwani, huonyesha kwamba mpaka wa utoto wa kike ulipimwa kwa dalili za mwili na kwa sherehe iliyofuata, wala si kwa hesabu ya miaka. Katika Ugogo nako unyago ulikuwa mlango wa kuingilia utu uzima. Inafaa kuangalia tamko hilo: utu uzima. Kiswahili kinapotaka kumwita mtu mzima kinaongeza sifa juu ya utu, kana kwamba utu wa asiyefika umri huo ni nusu. Hili halimaanishi kwamba wasemaji wa Kiswahili huwaona watoto kuwa nusu watu. Maana za misemo hazifuati hesabu ya vipande vyake. Lakini ni kumbusho kwamba lugha yenyewe haijaupa utu wa mtoto jina lake.

Mwanafunzi ni jina gumu zaidi, ingawa huonekana jepesi. Sehemu yake ya kwanza ni mwana, na kama ilivyo katika mwanachama na mwananchi, inamfunga mtu kwenye kitu kilicho nje yake: chama, nchi, mafunzo. Kifungo kikikatika, jina hukatika. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ikawa ni kosa linaloadhibiwa kwa kifungo cha miaka 30 kuoa au kuolewa na mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari. Adhabu hiyo ni kali, na viongozi wengi wa vijiji wameitumia kama ngao. Lakini ngao imeshikiliwa na jina. Msichana aliyemaliza darasa la saba na asiendelee si mwanafunzi. Vivyo hivyo aliyeacha shule kwa sababu mvua zilikosekana na nyumba ikamhitaji. Kwa muda mrefu msichana aliyepata ujauzito aliondolewa shuleni, na kwa hiyo akaondolewa kwenye jina. Ni Novemba 2021 tu ambapo serikali ilitangaza kwamba wasichana waliojifungua wataruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi. Wale waliouhitaji ulinzi zaidi ndio hao hao ambao jina lililobeba ulinzi lilikuwa limekwisha kuwatoka.

Mfano ulio mzito kuliko yote unapatikana katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, kama kilivyorekebishwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Kifungu hicho kinamhesabu kuwa mbakaji mwanamume anayemwingilia msichana aliye chini ya miaka 18, hata msichana akiwa ameridhia. Isipokuwa kama msichana huyo ni mkewe, ana miaka 15 au zaidi, na hawajatengana. Tendo ni lile lile, na umri ni ule ule. Kinachotenganisha jinai na unyumba ni nomino moja: mke.

4.0 Kuoa, kuolewa, kuozwa

Nomino peke yake haziwezi kueleza jambo lote. Kitenzi oa kina mnyambuliko ambao walimu wa sarufi huufundisha kama mfano wa kawaida, ilhali ndani yake mna picha nzima ya mamlaka ya ndoa. Tazama tungo zifuatazo:

(1) (a) Juma amemwoa Neema.
    (b) Neema ameolewa na Juma.
    (c) Juma na Neema wameoana.
    (d) Baba amemwoza Neema.
    (e) Neema ameozwa.

Tungo (1a) na (1b) ni jozi ya kauli ya kutenda na ya kutendwa. Ukiwageuza wahusika, ukasema "Neema amemwoa Juma", sarufi haikatai, lakini msikilizaji atacheka au atadhani Juma amedhihakiwa. Kizuizi si cha sintaksia. Ni cha maana. Mwanamke katika kitenzi hiki ni mtendwa kwa desturi ya lugha. Jambo hili si la Kiswahili pekee: katika Kisukuma, kwa mfano, mwanamume ndiye mtendaji wa kitenzi -tola, na mwanamke huja katika umbo la kutendwa. Tungo (1c), yenye kauli ya kutendana, ndiyo pekee inayowapa wawili hao nafasi sawa. Ndiyo inayopendwa na viongozi wa dini na wanasheria, na ndiyo isiyosikika sana katika masimulizi ya ndoa za wasichana wadogo.

Tungo (1d) inaleta mtu wa tatu. Oza ni kauli ya kusababisha (ni sadfa tu kwamba inafanana kimatamshi na oza la tunda), nayo inamweka baba mahali pa mtendaji, na mwoaji anaweza hata asitajwe. Katika Ugogo muundo huu una msingi wa kiuchumi ulio wazi. Peter Rigby, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu ng'ombe na ukoo miongoni mwa Wagogo, alionyesha jinsi mifugo ya mahari inavyokusanywa na kugawanywa kwa jamaa wa upande wa baba na wa mama. Ng'ombe wa mahari hawaishii katika zizi moja. Baba anayeoza haozi kwa niaba yake tu, na katika mwaka wa ukame binti aliyefikia umri wa kuozwa ni njia mojawapo ya kurudisha mifugo kwenye mazizi yaliyobaki matupu. Kumlaumu baba huyo kwa tamaa, kama kampeni nyingi zinavyofanya, ni kusoma kitenzi bila kusoma wahusika wake wote.

Tungo (1e) inamwondoa baba. Neema ameozwa, na nani, haijulikani. Hatua moja zaidi katika mwelekeo huo ni ile ya unominishaji. "Ndoa za utotoni", msamiati uliozoeleka katika kampeni, vyombo vya habari na ripoti, hauna mwoaji, hauna mwozaji, wala hauna Neema. Una tukio na kipindi tu. Ni msamiati mzuri kwa kichwa cha ripoti, na pengine ulihitajika ili suala lizungumzike bila kugombana na wazee. Lakini lugha ya namna hiyo ikitumika peke yake, ndoa hizo huonekana kama ukame au mafua: mambo yanayotokea.

5.0 Shauri la mwaka 2016

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitungwa kufuatia Waraka wa Serikali Na. 1 wa mwaka 1969, kwa nia ya kuziweka ndoa za kimila, za kidini na za kiserikali chini ya sheria moja. Kwa wakati wake ilikuwa sheria ya kimaendeleo katika mambo mengi. Kifungu chake cha 13 kiliweka umri wa chini wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na kikaruhusu mahakama kutoa kibali kwa aliyetimiza miaka 14 katika mazingira maalumu. Kifungu cha 17 kilitaka msichana aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya baba yake, au ya mama iwapo baba amefariki, au ya mlezi.

Neno ridhaa hapa linastahili kusimamishwa kidogo. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 16, inataka ndoa iwe ya hiari ya wanaooana. Kwa hiyo msichana wa miaka 15 ana ridhaa mbili juu yake: ya kwake na ya baba yake. Katika maandishi, ya baba ni nyongeza, ni ulinzi dhidi ya haraka ya ujana. Katika nyumba ambamo kitenzi kinachotumika ni kuozwa, ya baba ndiyo ridhaa, na ya msichana ni kunyamaza.

Rebeca Gyumi, aliyezaliwa Dodoma na ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa amefanya kazi na Femina, shirika linalotoa jarida na vipindi vya vijana kwa Kiswahili, alifungua shauri katika Mahakama Kuu mwaka 2016 dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hakuwa bado na miaka 30. Alidai kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, hususan ibara ya 12 inayohusu usawa na utu, na ya 13 inayohusu usawa mbele ya sheria. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye, ikaamuru vifungu hivyo virekebishwe ndani ya mwaka mmoja ili umri wa chini uwe miaka 18 kwa wote. Serikali ilikata rufaa, ikitetea tofauti ya umri kuwa ilitokana na maafikiano kati ya mila na dini mbalimbali, na kuwa ilikusudiwa kumlinda msichana. Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo tarehe 23 Oktoba 2019.

Kwa mwanaisimu, uamuzi huo unavutia kwa jinsi hoja zilivyopangwa. Upande wa serikali ulijenga juu ya tofauti: msichana hukomaa mapema, kwa hiyo neno msichana lina mipaka yake, na neno mvulana lina yake. Upande wa mdai ulitumia maneno mawili kwa pamoja. Kwa neno mtoto, ukisaidiwa na Sheria ya Mtoto ya 2009 na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ulionyesha kwamba nchi ilikuwa imekwisha kuuweka mpaka kwenye miaka 18. Kwa neno utu, ulionyesha kwamba tofauti yenyewe kati ya msichana na mvulana ni jeraha, hata kama hakuna msichana aliyelalamika. Hoja ya kwanza ingeweza kujibiwa kwa kubadili tafsiri ya mtoto. Ya pili haikuwa na mlango wa namna hiyo.

Gyumi hakuwa peke yake barani. Miezi michache kabla, tarehe 20 Januari 2016, Mahakama ya Katiba ya Zimbabwe ilikuwa imekubaliana na wasichana wawili, Loveness Mudzuru na Ruvimbo Tsopodzi, waliokuwa wameolewa wakiwa watoto. Iliamua kwamba hakuna mtu, wa kike au wa kiume, atakayeruhusiwa kuoa au kuolewa kabla ya miaka 18. Malawi ilibadili katiba yake mwaka 2017 kwa lengo hilo hilo. Mwaka 2018, miaka 70 baada ya Tamko la Haki za Binadamu, Gyumi alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Katika habari hizi zote, waliofika mahakamani walikuwa vijana, nao hawakuomba huruma. Vijana huitwa taifa la kesho mara nyingi mno, na jina hilo nalo lina hila yake, kwa kuwa huahirisha haki za leo.

Jina la shirika aliloanzisha Gyumi mwaka 2016, Msichana Initiative, linaweza kumkera mpenzi wa Kiswahili kwa ule uchotara wake. Hata hivyo, nusu yake ya kwanza ni uchaguzi wa busara. Kampeni za miaka ya 1990, hasa baada ya mkutano wa Beijing wa 1995, zilipendelea "mtoto wa kike". Msemo huo unambakiza msichana katika nasaba, kama mtoto wa mtu. Msichana ni neno linalosimama lenyewe. Halihitaji -a unganifu wala mwenye mali.

6.0 Tohara na ukeketaji

Suala jingine la Dodoma linaonyesha jinsi kubadili jina kunavyoweza kutangulia kubadili mwenendo, na litatajwa kwa ufupi. Ukataji wa viungo vya uzazi vya wasichana uliitwa kwa muda mrefu tohara ya wanawake. Tohara ni neno la Kiarabu lenye maana ya usafi. Kulikataa ni kama kuukataa usafi wenyewe. Ukeketaji, kutokana na keketa, linataja tendo la kukata na halisemi lolote zaidi. Sheria ya 1998 ililifanya tendo hilo kuwa jinai likifanywa kwa aliye chini ya miaka 18, na kadiri miaka ilivyopita neno la pili lilichukua nafasi ya la kwanza katika shule, redio na zahanati. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa, wanawake wa Dodoma wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa walikuwa asilimia 64 mwaka 2010 na asilimia 47 mwaka 2015/16. Haitakuwa haki kudai kwamba neno ndilo lililopunguza takwimu hizo. Lakini msichana anayekataa kukeketwa ana sentensi anayoweza kuitamka mbele ya bibi yake bila kuonekana anautetea uchafu, na sentensi hiyo mama yake hakuwa nayo. Udhaifu wa sheria hiyo ni ule ule ulioonekana juu: ulinzi wake unakoma siku ya kutimiza miaka 18, kana kwamba mwili ulikuwa wa umri na si wa mtu.

7.0 Tatizo la mfasiri

Mwaka mmoja uliotolewa na mahakama ulipita bila vifungu kurekebishwa. Wakati huo huo, mwaka 2021, sheria ya tafsiri ya sheria ilibadilishwa, na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Mabadiliko hayo ni makubwa kwa mahali kama Bahi. Hukumu za 2016 na 2019 ziliandikwa kwa Kiingereza. Msichana ambaye utu wake ulikuwa ukijadiliwa hakuweza kuzisoma. Lakini mabadiliko hayo yanaleta pia tatizo ambalo halijapata mjadala unaostahili miongoni mwa wanaisimu.

Matini ya Kiingereza ya Sheria ya Ndoa hutumia maneno ya jinsi yasiyotaja umri. Msomaji wa kifungu cha 13 katika lugha hiyo anaona jinsi na tarakimu, basi. Kiswahili hakina neno la namna hiyo kwa binadamu. Jike na dume ni ya wanyama. "Wa kike" na "wa kiume" haziwezi kusimama bila nomino mbele yake, na nomino hiyo ndiyo yenye mashaka. Mfasiri akiandika "mwanamke aliyetimiza miaka kumi na mitano", amekwisha kumkomaza kabla ya sheria kusema lolote, kwa sababu mwanamke katika Kiswahili ni mtu mzima. Akiandika "mtoto wa kike aliyetimiza miaka kumi na mitano anaweza kuolewa", kifungu kitajipinga chenyewe machoni pa kila msomaji, na pengine hilo lingefaa. Akiandika "msichana", amechukua neno la wanaopinga kifungu hicho. Akiandika "mtu wa jinsi ya kike", atakuwa sahihi na mzito wa ulimi, na huenda ndiye pekee atakayekuwa ameifuata ibara ya 12.

Vipo pia vitenzi. Matini ya Kiingereza inatumia kitenzi kimoja kwa wote wawili. Mfasiri wa Kiswahili lazima aandike "kuoa" kwa mmoja na "kuolewa" kwa mwingine, au aandike "kufunga ndoa", au ajaribu "kuoana" mahali ambapo mhusika ni mmoja na sarufi haitamruhusu. Kila uchaguzi utasomwa siku moja na hakimu wa mahakama ya mwanzo ambaye hana Kiingereza mezani, mbele ya baba, mwoaji na msichana. Bunge ambalo lingeyapitisha maneno hayo hukutana Dodoma, mwendo wa kilometa zipatazo 60 kutoka stesheni ya Bahi.